Mpangaji wa tano katika jengo la fleti nne

Dada huyu alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne na swali moja: "Kaka, ninunue au nisinunue?" Karatasi ilikuwa ya dalali. Juu kulikuwa na picha ya jengo la ghorofa moja lenye fleti nne, na chini yake mistari mitatu ya kalamu nyekundu: bei, kodi ya mwezi, na "asilimia 12" iliyozungushiwa duara mara mbili.

Bei yenyewe sitaitaja. Nitaiita 1,000 na kupima kila kitu kwa kipimo hicho, ili msomaji aweke sarafu yake na tarakimu zake.

Kila fleti ilisemekana kulipa 2.5 kwa mwezi, yaani 10 kwa zote nne. Dada alikuwa na akiba ya 400 aliyoikusanya kwa miaka mingi ya kazi ya mshahara. Benki ilikuwa tayari kumkopesha 700 kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka 15, na rejesho lilikuwa 8.4 kila mwezi. Hesabu yake alikuwa ameshaihifadhi kichwani: kodi 10, rejesho 8.4, inabaki 1.6. "Jengo linajilipa lenyewe," aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwishaamua na anayetafuta shahidi tu.

Alikuja pia na maswali mengine, yale ambayo karibu kila anayeanza huja nayo. Je, bei itapanda? Niandikishe kwa jina langu au nifungue kampuni? Nisimamie mwenyewe au nimpe wakala? Wakili wa muuzaji si anatosha? Ni maswali mazuri, na nitayagusa. Lakini lililoamua kisa hiki hakuliuliza: jengo likishakula lake, kinabaki nini cha kumpa mwenye benki?

Asilimia 12 ilitoka wapi

Kodi ya mwezi 10 mara miezi 12 ni 120. Gawanya kwa bei ya 1,000, unapata asilimia 12. Dalali hakudanganya. Aliishia katikati ya hesabu, kwa sababu ndipo panapopendeza. Hesabu hiyo inachukulia kwamba hakuna fleti itakayokaa tupu hata siku moja, kwamba bomba halitapasuka, na kwamba serikali imesahau kuwa jengo lipo.

Tuliketi tukaimalizia. Kwanza nilimwomba akubali kwamba kila fleti itakaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka. Alibisha. Nikamwuliza mpangaji akihama leo, kusafisha, kupaka rangi, kutangaza na kumpata mwingine anayelipa huchukua muda gani. Akanyamaza, akaandika 10 upande wa kutoa. Zikabaki 110.

Matengenezo ya kawaida tukayapa 10 kwa mwaka, yaani asilimia moja ya thamani. Hicho ni kipimo cha kukadiria tu ambacho wawekezaji hutumia pale ambapo hawana rekodi za jengo, na jengo kuukuu huweza kukivuka bila kuomba ruhusa. Kando ya hapo tukatenga 5 kwa ajili ya mambo makubwa yasiyokuja kila mwaka lakini hayakosi kuja: paa, pampu ya maji, shimo la maji taka. Hili ndilo fungu ambalo wanaoanza hulikataa zaidi, kwa sababu mwaka wa kwanza halitumiki na linaonekana kama faida.

Bima 3. Alidhani bima hulipwa na benki. Benki huidai, anayelipa ni mkopaji. Taa za ngazi, maji ya kufanyia usafi, taka na ulinzi 6. Kodi ya majengo na ada za ardhi 5. (Kiswahili kina mzaha wake hapa: "kodi" ni pesa unayoipokea kwa mpangaji na "kodi" ni pesa unayoipeleka serikalini. Nimeona daftari la mtu ambalo mbili hizo zimejumlishwa upande mmoja.) Mwisho, wakala wa kusimamia, asilimia 10 ya kinachokusanywa: 11.

Jumla ya kutoa ilikuwa 40, mbali na zile 10 za fleti kukaa tupu. Kilichobaki kwa mwaka kikawa 70.

Kwa hiyo ile asilimia 12 ikawa 7. Tena hiyo ni saba ya bei ya jengo peke yake. Ushuru wa stempu, wakili, mthamini, mpima ardhi na ada za benki tulivikadiria 50, na fleti mbili zilihitaji kazi kabla ya kupangishwa vizuri, 30 nyingine. Pesa itakayotoka kwa kweli ni 1,080, na 70 ndani ya 1,080 ni asilimia 6.5.

Alichukua kalamu akafuta duara la dalali. Nikamwambia asilifute, tulihitaji kuliona.

Mkopo

Rejesho la 8.4 kwa mwezi ni 100.8 kwa mwaka. Jengo linatoa 70. Pengo ni 30.8 kwa mwaka, karibu 2.6 kila mwezi, na pengo hilo halina pa kutoka isipokuwa kwenye mshahara wake.

Angalia tarakimu hiyo tena. Fleti moja inapangishwa kwa 2.5. Dada huyu angekuwa anatoa mfukoni, kila mwezi, kodi ya fleti nzima na chenji kidogo juu. Jengo lina fleti nne na yeye angekuwa mpangaji wa tano, asiye na chumba.

Hakuamini mara moja, na sikumlaumu. Alisema: "Lakini benki imekubali. Wao si ndio wajuzi?" Jibu la swali hili linafaa kukaa vichwani mwa wengi. Benki ilitazama mshahara wake ikaona unamudu 8.4, ikatazama jengo ikaona kwamba likiuzwa kwa haraka litarudisha 700. Haikuulizwa kama uwekezaji ni mzuri, na haikujibu. Benki inayokopesha kwa kutegemea mapato ya jengo lenyewe huuliza swali jingine: baada ya matumizi, mapato ni mara ngapi ya marejesho? Kiwango kinachotajwa sana ni mara 1.2 au 1.25. Jengo hili lilikuwa na 0.69.

Kiini chake ni rahisi kuliko msamiati wake. Kila 100 aliyoikopa ingeingia kwenye jengo na kuzaa 7, huku benki ikidai 12. Unapokopa kwa bei ya juu kuliko kile ambacho pesa hiyo inazaa, kila nyongeza ya mkopo inazidisha hasara, na ushauri ule unaopendwa sana wa "tumia pesa za benki, zako ziweke" unageuka. Riba ingekuwa asilimia 5, jengo lilelile na bei ileile, ningeandika kisa tofauti.

"Nikiongeza iwe miaka 20?" Tulipiga hesabu. Rejesho lingeshuka hadi 7.7, pengo la mwaka lingekuwa 22.5, bado pengo. Na jumla atakayoilipa benki ingepanda kutoka 1,512 hadi kama 1,850. Muda mrefu ulipunguza maumivu ya kila mwezi, ugonjwa ukabaki palepale.

Barua ya benki ilikuwa na kifungu kimoja alichokiruka, cha riba inayoweza kubadilishwa. Ikipanda kutoka 12 hadi 14, rejesho la 8.4 linakuwa 9.3. Wakati huohuo, baada ya malipo ya awali ya 300 na gharama za 80, akiba yake yote ingekuwa 20, yaani marejesho ya miezi miwili na siku chache. Mtu aliyebakiwa na akiba hiyo hahitaji maafa ili aanguke. Pampu moja na mpangaji mmoja aliyehama bila kuaga vinatosha.

Ndipo nikamgeuzia swali. Badala ya kuuliza benki itampa kiasi gani, aulize jengo linaweza kubeba mkopo wa kiasi gani. Kwa riba ile na miaka ile, 70 inalipa mkopo wa 486 bila kubakisha hata senti. Ukitaka nafasi ya kupumua ya mara 1.25, ni 389. Yeye alikuwa anaenda kukopa 700.

Daftari lenye wino mmoja

Jumamosi tulikwenda kuliona. Niliomba daftari la kodi, na muuzaji akalitoa bila kusita. Miezi 12, fleti nne, mistari 48, mwandiko mmoja, wino mmoja wa bluu wenye uzito uleule kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Kurasa zilikuwa safi, hazina kona iliyokunjika. Daftari lililotumika mwaka mzima huwa na alama ya kikombe, tarehe iliyokatwa, "amebakiza kidogo" iliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyingine. Hili lilikuwa limeandikwa jioni moja.

Sikusema kitu pale. Tuliomba kuongea na wapangaji, na hilo ndilo ambalo wanaoanza huona haya kulifanya. Mpangaji wa fleti ya kwanza alituonyesha mkataba wake: kodi 2.2, si 2.5, na haipandi hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Kwa kawaida mnunuzi huirithi mikataba iliyopo pamoja na kuta. Kubadilika kwa mmiliki hakumpi ruhusa ya kupandisha kodi kesho yake. Fleti ya tatu ilikuwa na kijana mpole sana aliyesema halipi, ni mtoto wa ndugu wa muuzaji, anakaa "kwa muda". Mita ya maji ya fleti hiyo ilikuwa imezunguka kuliko zote.

Tukarudisha hayo kwenye karatasi. Fleti ya tatu ingekaa bila mlipaji miezi mitatu badala ya mmoja, na fleti ya kwanza ingeleta pungufu. Ile 70 ikashuka hadi 62 kwa mwaka wa kwanza, na pengo likapanda hadi karibu 39.

Tulikuta na jambo jingine ambalo halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Wapangaji walikuwa wamempa muuzaji amana ya mwezi mmoja walipoingia. Watakapohama watamdai nani? Watamdai aliyeshika funguo, yaani mnunuzi. Amana hizo zinatakiwa zitajwe kwenye mkataba wa mauziano na zikatwe kwenye bei, la sivyo mnunuzi anarithi deni asilolijua. Muuzaji alipoulizwa alicheka akasema ni pesa ndogo. Basi, nikasema, itakuwa rahisi kuikata.

Itapanda bei?

Hili swali nililiacha hadi hapo makusudi. Likija mwanzo linafunika mengine yote. Mtu akishaamini kwamba thamani itapanda, hakuna pengo linalomtisha.

Tuseme inapanda asilimia 5 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza jengo limeongeza 50. Katika marejesho ya 100.8, sehemu iliyopunguza deni lenyewe ni 17.8 tu, 83 ni riba (hili nalo huwashangaza watu, kwamba mwaka wa kwanza unalipa sana na deni halitikisiki). Toa pengo la 30.8 alilolijaza kwa mshahara. Anabaki mbele kwa 37 juu ya 380 aliyoiweka, karibu asilimia 9.7. Si mbaya, kwenye karatasi.

Sasa bei isipande. Hesabu ileile inampa hasara ya 13, asilimia 3.4, kila kitu kingine kikiwa kimekwenda sawa: wapangaji wapo, riba haijapanda, paa halivuji. Nilitumia hata hapa ile 70 ya upole.

Kwa hiyo uwekezaji wake wote ulikuwa umesimama juu ya kupanda kwa bei, kitu asichokiendesha yeye, huku akijiambia kwamba ananunua kodi ya kila mwezi. Tena zile 50 haziwezi kumlipa benki mwezi wa nne. Thamani iliyopanda inakaa ukutani hadi siku ya kuuza, na siku hiyo dalali, wakili na mkusanya kodi wana sehemu zao. Watu wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo, wenye mishahara mikubwa na subira. Wakikusimulia, waulize kwa upole miaka ya katikati walikula nini.

Yaliyobaki kwa ufupi

Kusimamia mwenyewe: angeokoa 11, na pengo la awali la 30.8 lingekuwa 19.8. Lakini 11 hiyo ni mshahara wa mtu anayepokea simu saa tano usiku kwa sababu choo kimeziba. Anayeifanya bure bado ameifanya kazi. Nashauri anayeanza asimamie mwaka mmoja ili ajue jengo linavyopumua, lakini kwenye hesabu aache 11 palepale.

Jina lake au kampuni: kwa jengo moja na mtu mmoja, hili mara nyingi ni swali la kumwuliza mtaalamu wa kodi kwa nusu saa, basi. Kampuni inaleta hesabu za kila mwaka na gharama zake, na benki ikikopesha kampuni changa huomba dhamana ya mmiliki binafsi, kwa hiyo ile kinga anayoiwazia, kwamba deni la kampuni halitamfikia yeye, huwa na tundu.

Wakili wa muuzaji: hapana. Anamtumikia anayemlipa. Wakili wake mwenyewe afanye upekuzi wa hati kwa msajili wa ardhi, asiridhike na nakala aliyopewa. Aangalie kama jina kwenye hati ni la muuzaji, kama kuna rehani au zuio la mahakama, kama mwenza wake anatakiwa kutia saini. Mpima ardhi aende akazitafute bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, kwa miguu. Na asilipe hata "kishika nafasi" kabla ya majibu ya upekuzi, hata akiambiwa kuna mnunuzi mwingine yuko njiani. Huyo mnunuzi mwingine huwa yuko njiani kila mara. Sijawahi kukutana naye.

Alichofanya

Tulipiga hesabu ya kurudi nyuma. Akibakiza 70 kama akiba ya dharura, inayotosha marejesho na matumizi ya miezi sita hivi kwa mkopo wa kwanza, na mkopo usizidi zile 486 ambazo jengo linaweza kuzibeba, bei aliyoweza kulipa, gharama za kununua na za kazi ya fleti zikishatolewa, ilikuwa kama 750. Robo nzima chini ya iliyotajwa.

Alitaka kujua kama ni aibu kutaja bei hiyo. Nilimwambia ataje na aambatishe hesabu. Aliandika ukurasa mmoja: kodi halisi za mikataba, matumizi, fleti ya tatu, amana. Hakulitaja daftari. Muuzaji alijibu kupitia dalali kwamba jengo haliuzwi kwa kikokotoo. Baada ya hapo simu zikakatika.

Miezi minne baadaye dalali alipiga: bei imeshuka hadi 880, na kijana wa fleti ya tatu ameondoka. Nilikuwa nimejiandaa kukaa na dada tena, lakini aliifanya hesabu mwenyewe, akanitumia picha ya karatasi. Mkopo 624 (gharama zikiwa ndani), marejesho 89.9 kwa mwaka, mapato 70, pengo 19.9. Chini yake ameandika: "Bado mimi ni mpangaji."

Sasa anaangalia jengo dogo la fleti mbili, bei 520 kwa kipimo kilekile. Amekagua mikataba kabla ya kunipigia. Mapato baada ya matumizi ni 44, na kwa kuwa atatoa 350 za kwake huku akibakisha 50, anahitaji mkopo wa 206 tu, gharama za juu ya bei zikiwa ndani. Marejesho yatakuwa chini kidogo ya 30 kwa mwaka. Halina sura ya kuvutia kama lile la kwanza, na ngazi zake zimechakaa.

Upekuzi wa hati ulirudi wiki iliyopita ukionyesha rehani ya zamani ambayo haijafutwa. Muuzaji anasema alimaliza kulipa na kwamba ni uzembe wa karatasi tu, na huenda ni kweli. Wakili ameomba barua ya benki hiyo ya kufuta rehani, isajiliwe kwanza. Muuzaji anataka alipwe nusu wakati barua ikisubiriwa, na dada amekataa.

Barua bado haijafika.